Wapangaji wa Chemba ya Mafuta

Kwenye supamaketi moja alikuwapo mama mmoja ambaye wateja hawakumjua, kwa sababu kazi yake ilikuwa nyuma, kule ambako mkate unatoka moto na vyombo vinaingia vichafu. Wenzake walimwita Mama Chemba. Mwanzoni jina lilimkera. Mtu umezaa, umelea, umefikisha miaka hamsini na mbili, halafu unaitwa kwa shimo la maji machafu! Lakini jina la kazini likishakushika halikuachii, na baada ya mwezi alikuwa anaitika bila kugeuka.

Chemba yenyewe ilikuwa uani, hatua nne kutoka mlango wa jiko, chini ya mfuniko wa chuma wenye vishikio viwili. Maji yote ya jikoni yalipita humo kabla ya kwenda kwenye bomba kubwa: maji ya sinia za kuku, ya karai za chipsi, ya ndoo za krimu. Mafuta yalitakiwa yapande juu, makombo yazame chini, na maji ya katikati yaendelee na safari yake. Kwa miaka mingi haikuwa hivyo. Mafuta yaliganda kama mshumaa, mengine yakafuata maji hadi ndani ya bomba lililopita chini ya sakafu ya bucha, yakang'ang'ania humo. Jumamosi moja, duka limejaa, maji yakarudi juu. Waliokuwa kwenye foleni ya nyama walijikuta wamesimama ndani ya supu ya wiki nzima. Bwana afya akafunga jiko siku tisa, na alipolifungua akasema atawaangalia kwa miezi mitatu, kisha aje kuamua.

Hapo ndipo alipoletwa fundi, mwanamume mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi nyuma. Alikuja na dumu jeupe, akaliweka mezani taratibu kama amebeba mayai.

“Humu kuna bakteria,” alisema. “Wako hai.”

Mama Chemba alichungulia. Maji ya kahawia, harufu kama ya hamira.

“Wanang'ata?”

“Wanakula mafuta tu, Mama.”

“Na wakishiba?”

“Wanazaana.”

Mchoma kuku alikuwa amesimama pembeni na koleo lake. Huyo hakuna jambo lililompita bila kulitia neno. “Basi hao ni sawa na wapangaji wangu,” alisema. “Wanakula, wanazaana, kodi hawatoi.”

Jiko zima lilicheka, na kuanzia siku hiyo bakteria wakawa wapangaji.

Wapangaji walikuja na masharti. Sinia ifutwe kwa karatasi kabla ya kuoshwa. Maji ya kuchemka yasimwagwe kwenye sinki. Klorini isikanyage jikoni. Ya chooni ibaki chooni, maana maji ya choo yana njia yake. Na kila siku saa kumi, majiko yakishapoa na mabomba yakishafungwa, mtu amimine kikombe kimoja kwenye sinki la mwisho, maji yakiwa yametulia, ili wasisombwe kabla hawajashika ukuta.

“Mtaona utelezi kwenye kuta za chemba,” fundi alisema. “Msiuguse. Hiyo ndiyo nyumba yao.”

Meneja aliuliza nani ataibeba kazi hiyo. Wote wakaanza kukagua dari. Akabaki Mama Chemba, ambaye hakuwa na shule kubwa, lakini kila mtu alijua kwamba huyu mama hasahau. Alikuwa mtu wa kurudi mlangoni mara tatu kuhakikisha gesi imefungwa. Akipishana na mtu anayekohoa, jioni anawaza kama yule mtu amefika kwake.

Hofu hiyo aliipata kwenye kulea. Alikuwa na binti mmoja tu. Baba wa binti aliondoka mtoto akiwa na miaka mitatu, na tangu hapo salamu zake zilikuja kwa midomo ya watu. Binti alikulia humo dukani. Akitoka shule alikaa stoo juu ya magunia ya unga akifanya hesabu zake, na jioni walirudi nyumbani mama akimpangusa sketi nyuma, binti akilalamika, “Mama, watu wanaona!” Sasa ilikuwa mwaka wa pili tangu aolewe na dereva wa malori, huko mbali, mwendo wa basi siku moja na nusu. Katika miaka hiyo miwili walionana mara moja. Mama bado alichemsha maji ya kuoga kwenye sufuria kubwa, la watu wawili. Alioga nusu. Nusu nyingine ilipoa palepale, na asubuhi aliimwaga ndani ya ndoo ya kudekia bila kuitazama.

Ndipo binti akapiga simu kusema ana mimba.

“Mama, utakuja?”

“Nisipokuja mimi atakuja nani?”

Na kweli hakukuwa na mwingine. Mama mkwe wa binti alishafariki, na mume alikuwa wa barabarani, leo yuko huku, kesho mpakani. Tangu siku ile Mama Chemba alihesabu miezi kwa vidole, akajipinda, akanunua vitambaa laini kumi na viwili, akavifua, akavianika ndani ili visiingie vumbi. Usiku alikuwa akilala na mawazo ya mtoto ambaye hajaonekana, na zaidi ya mawazo ya mtoto, mawazo ya binti. Alitaka kumwona akitembea na tumbo. Alitaka kumpangusa tena sketi, hata kama haina kitu.

Aliomba likizo ya wiki mbili. Meneja alikuwa kijana wa watu mwenye heshima, lakini naye alikuwa na wakubwa zake.

“Mama, bwana afya anakuja Alhamisi hii kumaliza ile miezi mitatu. Chemba ikipita, Ijumaa nenda. Nitamwambia mchoma kuku akushikie.”

“Na isipopita?”

“Isipopita hata mimi sijui nitakuwa wapi.”

Alikata tiketi ya Ijumaa asubuhi. Binti alitarajiwa kujifungua wiki inayofuata. Kila kitu kilikaa sawa.

Jumatano, saa kumi, alifunua mfuniko kama kawaida. Kwa miezi mitatu alikuwa ameiangalia chemba kwa jicho la mlezi, na ilikuwa nzuri. Ukoko wa mafuta ulikuwa mwembamba na laini, na ule uvundo wa zamani umekwisha. Lakini siku hiyo aliitazama kwa jicho la mgeni anayekuja kesho. Akaona kuta zenye utelezi wa rangi ya kinyesi cha mtoto. Akaona povu la kijivu kwenye kona. Mgeni akifunua hapa ataona nini?

Mtu aliyefanya usafi miaka ishirini na sita ana mikono yenye akili yake. Mgeni akija, unasugua. Hayo mikono haiulizi. Alikwenda chooni, akachukua dumu la klorini, akachukua brashi ndefu, akarudi uani. Aliteka ukoko wote kwa upawa, akautia kwenye pipa la taka, akasugua kuta zote nne, na ule ukuta mdogo wa katikati, akamwaga, akasugua tena. Machozi yalimtoka kwa ukali wa dawa. Alipomaliza, zege lilikuwa jeupe kama siku lilipomwagwa. Akasimama na mkono kiunoni, akajisikia kama mwenye nyumba iliyodekiwa siku ya wageni. Ndipo akaenda akamimina kikombe cha wapangaji kwenye sinki la mwisho, sawasawa na masharti.

Kesho yake bwana afya alikuja na ubao wake wa kuandikia. Meneja alikuwepo, fundi pia aliitwa. Mfuniko ulipofunuliwa, bwana afya alirudi hatua moja, akatabasamu.

“Mama, hapa mtu unaweza kutandika mkeka ukala!”

“Asante, baba.”

“Sijaona chemba kama hii.” Akatia sahihi hapohapo. Meneja akampa mkono Mama Chemba, kisha akampa tena, akasahau kuuachia. Waliingia ndani kunywa soda.

Fundi hakuingia. Alichuchumaa, akashusha mkono, akapitisha kidole ukutani, akakinusa. Kisha akamtazama Mama Chemba juu ya miwani.

“Mama, umeweka nini humu?”

Ndipo alipokumbuka. Hakuwa amesahau sharti. Angeulizwa angelitaja neno kwa neno. Lakini jana sharti lilikuwa kichwani na brashi ilikuwa mkononi, na hivyo viwili havikukutana.

“Nilisafisha,” alisema. “Kwa ajili ya mgeni.”

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. Hakufoka. Afadhali angefoka.

“Umewamaliza wote.”

“Hata wale wa jana jioni? Niliwapa kikombe kizima.”

“Hao uliwamimina ndani ya klorini, Mama.”

Alikaa chini, pale pale ukingoni. Fundi alimweleza polepole. Chemba si tatizo, gari la kunyonya lingekuja likanyonya. Lakini gari haliwezi kunyonya bomba. Mle ndani, chini ya bucha, kulikuwa na mafuta ya miaka ambayo wapangaji walikuwa wameyalainisha nusu. Sasa hakuna wa kuyala. Yataganda upya, na siku ya nne au ya tano maji yataanza kurudi. Dawa yake ilikuwa kuanza upya: kusuuza klorini yote itoke, kumimina asubuhi na jioni kwa siku kumi na nne, kuangalia mwendo wa maji pale bucha kila baada ya saa chache, na yakizubaa kuteka ukoko kwa mkono.

“Mchoma kuku anaweza?”

Fundi alifikiri. “Kumimina anaweza. Kuona kabla mambo hayajaharibika, sijui. Mimi nina maduka thelathini na mawili, siwezi kukaa hapa.” Akafunga begi lake. “Cheti mmepata. Mimi sitasema kitu. Lakini ujue.”

Mchana kutwa alizunguka jikoni kama kuku aliyekosa kiota. Begi lake la safari lilikuwa tayari nyuma ya mlango, nyumbani. Alimtazama mchoma kuku akigeuza kuku zake na kuimba vibaya. Huyo alikuwa na barua moja ya onyo tayari, ya ile siku aliyomjibu mteja. Maji yakirudi bucha yeye akiwa zamu, nani atauliza kuhusu klorini ya Jumatano? Angefukuzwa hata hajui kosa. Naye Mama Chemba angekuwa huko mbali, amempakata mjukuu, anaombwa picha.

Saa kumi na moja alibisha kwa meneja akasema yote.

Meneja aliweka kalamu chini. “Lakini cheti tumepata. Kwa nini unaniambia? Ungeenda zako tu.”

“Ningeenda, bosi. Ndiyo maana nimekuja kabla sijatoka.”

Meneja alikuna kichwa. Alisema itabidi amwandikie barua ya onyo, hana namna. Mama Chemba akasema andika. Kisha akaenda kwenye duka la tiketi, akaisogeza safari wiki mbili mbele, akarudi nyumbani, na hapo ndipo kazi kubwa ilipomngoja. Alikaa kitandani na simu mapajani mpaka chai yake ikapoa, ndipo akampigia binti.

“Mama! Umeshafunga begi?”

“Mwanangu, nimeisogeza tiketi. Wiki mbili.”

“Wiki mbili? Mama, tumbo limeshashuka.”

“Najua.”

“Kuna nini? Unaumwa?”

“Siumwi. Ni chemba. Niliiharibu kwa mkono wangu. Nikiondoka sasa mtu mwingine ataumia.”

“Chemba.”

“Mwanangu, nisikilize…”

“Hiyo chemba itapata mtu mwingine, Mama. Mimi mama ninaye mmoja.”

Simu ikakatika. Hakujua kama ni mtandao au ni binti. Alikaa akiishika kama mtu aliyeshikishwa mzigo wa watu njiani.

Siku zilizofuata alijikaza. Alifungulia maji safi mpaka karatasi ya kupimia klorini aliyoachiwa na fundi ikaacha kubadilika rangi. Alimimina asubuhi kabla jiko halijawaka, alimimina saa kumi. Katikati alikuwa akienda bucha na kumwaga ndoo moja kwenye tundu la sakafu, akihesabu mpaka maji yaishe. Siku ya kwanza alihesabu kumi na nane. Siku ya tatu, thelathini na moja. Siku ya tano alifika hamsini na maji bado yanazunguka, akapiga magoti uani, akateka ukoko kwa upawa mpaka mgongo ukagoma kunyooka.

Mchoma kuku alikuja kumsimamia na mwavuli, jua likiwa kali. Habari alikuwa ameshazipata. Jikoni hakuna siri inayolala.

“Dada mkubwa,” alisema, “ungeniachia tu. Barua ya onyo ninayo moja. Ya pili ingekuwa jozi.”

Mama Chemba akacheka, mara ya kwanza tangu Alhamisi. Kisha akicheka hivyohivyo akajikuta analia. Mchoma kuku akageukia ukuta, akaushikilia mwavuli palepale, akajifanya anasoma maandishi ya kwenye pipa.

Binti hakupiga. Mama ndiye aliyepiga, mara moja asubuhi, mara moja jioni. Simu iliita mpaka ikachoka. Kila simu ilipolia ya mtu mwingine, dukani, barabarani, mkono wake ulikwenda mfukoni. Nyumbani alikunjua vile vitambaa kumi na viwili, akavikunja upya, akivipanga kwa namna nyingine, kana kwamba kulikuwa na namna iliyo sahihi zaidi.

Siku ya tisa mkwe alipiga, sauti imejaa upepo wa barabarani. “Mama, hongera! Umekuwa bibi. Wa kike. Wote wazima.”

“Uko naye?”

“Niko njiani, Mama. Nitafika kesho. Jirani ndiye aliyempeleka hospitali.”

Alimshukuru, akamshukuru tena. Akaketi juu ya kreti la soda. Wenzake walipiga vigelegele, mwoka mikate akamletea keki iliyovunjika pembeni. Aliila yote. Hakujua ilikuwa ya ladha gani. Jirani ndiye aliyempeleka. Alimfikiria huyo mwanamke asiyemjua, akimshika binti yake kiuno, akimwambia pumua. Alimwonea wivu, kisha akamwombea heri, kisha akamwonea wivu tena.

Siku ya kumi na moja, saa kumi kasoro, alikuwa uani na kikombe mkononi, amekijaza kutoka kwenye dumu. Kuta za chemba zilikuwa zimeanza kushika utelezi, mwembamba kama pumzi kwenye kioo. Simu ikalia.

“Mama.”

“Mwanangu.”

Hakuna aliyetaja chemba. Nyuma ya sauti ya binti kulikuwa na mlio mdogo, mkavu, wa kudai.

“Mama, jirani alikuwa anakuja kumwosha, leo yuko kazini. Mume wangu amerudi barabarani asubuhi. Nimeshapasha maji, naogopa. Shingo yake laini mno.”

“Uko peke yako?”

“Mimi na yeye.”

Akaweka kikombe chini, juu ya zege, akavua glavu. “Weka simu kitandani. Fungua sauti yote. Maji umeyapima?”

“Kwa kiganja.”

“Kiganja chako kimezoea sufuria. Pima kwa kiwiko.”

Alisikia maji. “Ni moto kidogo.”

“Ongeza baridi. Haya. Mkono wa kushoto upitishe nyuma ya shingo, kichwa kilale hapo juu ya mkono, kidole gumba na vya mbele vishike kwapa la ng'ambo. Umeshika?”

“Nimeshika.”

“Sasa anza na miguu. Usimzamishe mara moja, atashtuka. Miguu kwanza, matako, polepole. Kitovu kiache juu ya maji.”

Mtoto akapiga yowe. Yowe hilo lilitoka kwenye simu, likajaa uani, likagonga mapipa. Mama Chemba alisimama katikati, simu ameibana kwa bega, mkono wa kushoto ameukunja kifuani, wa kulia ukiteka hewa na kuimwaga.

“Analia, Mama!”

“Mwache alie. Zungumza naye. Akisikia unaogopa naye ataogopa. Mwambie unachofanya.”

“Nakuosha mguu,” binti alisema. “Huu mguu. Na huu mwingine.” Kisha akacheka ghafla. “Amenikojolea!”

“Amekupokea. Osha mikunjo ya shingo, maziwa huwa yanajificha humo.”

“Mama, ana nywele hapa kisogoni zimezunguka kama zako.”

Mkono wake wa kulia ukaenda kisogoni. Alisema tu, “Mtoe sasa, asipigwe baridi. Taulo lifunike kichwa.”

Baadaye kidogo kelele zilikoma. Binti hakuaga. Simu alikuwa ameiacha kitandani, ameisahau, na Mama Chemba hakumkumbusha. Alisikia kitambaa kikikung'utwa. Alisikia beseni likiburutwa, mlango, maji yakimwagwa nje, ndala zikirudi. Alisikia kitanda kikilia mtu alipokaa, halafu mtoto akinyonya, kwa haraka mwanzoni, halafu kwa kupumzika. Chumba ambacho hakuwahi kukiingia. Alijaribu kujua dirisha liko upande gani.

Mchoma kuku akatokea mlangoni. “Dada mkubwa, saa kumi na nusu hiyo. Wapangaji hawajala.”

Alimwinulia kiganja anyamaze, akamwonyesha kikombe kwa kidevu. Mchoma kuku akakiokota kwa mikono miwili, akaingia nacho jikoni akielekea sinki la mwisho. Siku nyingine yoyote angemfuata kuona kama anamimina sawasawa. Alibaki uani, sikio limebanwa kwenye simu, akipunguza hata pumzi zake, maana kule kitandani binti alikuwa ameanza kumsimulia mtoto kitu kwa sauti ya chini, na maneno hayakusikika vizuri.